Misimu, Kilatini na Nahau za Kiingereza: Uanzie Wapi?

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alinitumia barua ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, niipitie kabla hajaituma. Huniita mwalimu, ingawa sina darasa. Nahariri na kutafsiri maandishi ya watu, na mtaani hilo linatosha. Barua yenyewe haikuzidi mistari kumi na miwili, lakini nilikwama mara tatu.

Kwanza nilikwama pale alipoeleza kwa nini aliacha kazi ya mwanzo: meneja wake “kicked the bucket in 2021”, na biashara ikafungwa. Nikakwama tena kwenye lugha anazozijua: “I speak many languages, i.e. English.” Mwisho kabisa akawaahidi wenye hoteli kwamba wakimchukua, mapokezi yatakuwa “lit”, yaani moto wa kuotea mbali.

“Sasa mwalimu, si ndicho Kiingereza chenyewe hicho?” akaniuliza nilipompigia.

Ndicho. Hakuna neno hata moja alilobuni. Ila ameteka maji kwenye visima vitatu na kuyamimina kikombe kimoja: nahau, Kilatini, na misimu, yaani maneno ya mtaani. Wengi wanaojiendeleza kwa Kiingereza wakiwa nyumbani huniuliza waanze na kipi kati ya hivyo vitatu, maana muda ni mchache na bando si bure. Nitaviweka pamoja hapa. Na nisijifanye sina upande: mimi ni mtu wa Kilatini, na sababu zangu utaziona.

Msiba mmoja, maneno matatu

Tuanze na huyo meneja, Mungu amrehemu. Kwa Kiswahili mtu anaweza kufa, anaweza kufariki, anaweza kukata kamba. Mtangazaji wa redio akisoma kwenye taarifa ya saa mbili usiku kwamba waziri mstaafu “amekata kamba”, taarifa ya saa tatu itasomwa na mtu mwingine. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani, tumekua nalo.

Kiingereza kina ngazi hizohizo. “Die” ni kufa, neno la kila siku lisilo na kosa. Kwenye hati ya mirathi utakuta “deceased”, lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kuondoka. Kufariki nako tumekutoa kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutengana, kuachana. Lugha mbili zisizo na undugu, zilipotaka adabu ya msibani, zote zilikwenda kukopa, na zote zikakopa neno la mtu aliyeondoka.

“Kick the bucket” ndiyo kukata kamba yao. Francis Grose aliiweka kwenye kamusi yake ya maneno ya mitaani mwaka 1785, kwa hiyo ilianza kama msimu na baadaye ikatulia kuwa nahau. Kuhusu ndoo yenyewe, maelezo yanayopendelewa na wengi ni kwamba sehemu fulani za Uingereza “bucket” ilikuwa pia boriti ya kutundikia nguruwe wa kuchinjwa, naye akitapatapa huipiga mateke. Ukishaijua picha hiyo, huwezi kuipeleka kwenye barua ya kazi ukimtaja bosi wako.

Kuna jambo jingine la kuangalia hapo. Nahau haipinduliwi. Ukisema “the bucket was kicked”, kifo kimetoweka, imebaki ndoo iliyopigwa teke. Ni kama sisi: “alikata kamba” ni msiba, “kamba ilikatwa” ni kazi ya mwenye kisu.

Misimu: tamu, lakini ina tarehe ya mwisho

Walioyaita maneno haya misimu walipatia. Msimu wa embe ukipita umepita. Kijana wa Nairobi anaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu Sheng ya kaka yake mkubwa humchekesha. Kwa Kiingereza, leo ukimwambia Mmarekani kwamba shati lake ni “groovy”, atadhani umetoka kuangalia filamu za miaka ya 1960.

Kazi ya msimu tangu mwanzo ni kuwatenga walio nje. Mashariki mwa London, karne ya 19, wenyeji walikuwa na mchezo wa vina ambao kamusi ya mwaka 1859 tayari iliunukuu. Badala ya “look” unasema “butcher’s hook”, kulabu ya muuza nyama, kwa kuwa hook na look vinafanana sauti. Kisha unakitupa kile kipande chenye kina na kubakiza “butcher’s” peke yake. Sasa mtu anakuambia “have a butcher’s” naye anataka uangalie tu. Asiyejua vina atatafuta bucha. Sheng nayo husemwa ilianzia Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Sijui mashariki ya miji mikubwa ina nini.

Hatari ya misimu kwa mtu wa mbali ni kwamba neno linageuka mkononi. “Woke” lilitumiwa na Wamarekani Weusi miaka ya 1930 kuonyana wawe macho dhidi ya dhuluma za ubaguzi. Mwaka 2017 kamusi ya Oxford ikaipokea maana hiyo. Leo kwenye siasa za Marekani, katika vinywa vingi, ni tusi. Ulijifunza sifa, ukaitumia, kumbe umetukana. Au chukua “pissed”: London ni mtu aliyelewa, New York ni mtu aliyekasirika, na kote si neno la kumwambia mama mkwe. Hata hiyo “lit” ya kijana wangu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita ilimaanisha mtu aliyelewa. Kuwaahidi wenye hoteli mapokezi ya namna hiyo!

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa chai. Dar es Salaam ukiambiwa “hiyo chai”, umeambiwa hadithi yako ni uongo. Nairobi askari akitaka chai, anataka kitu kidogo. Kwenye Kiingereza cha mitandaoni “tea”, msimu ulioanzia kwa Wamarekani Weusi kwenye kumbi za maonyesho ya usiku, ni umbea mtamu, tena ule wa kweli. Kwa hiyo Mbongo anayetaka kumbishia Mmarekani kwa kusema “that’s tea” amemthibitishia kwamba maneno yake ni kweli tupu. Alichokitafuta ni “that’s cap”, huo uongo.

Yapo yanayookoka, na hayo ndiyo ya kujifunza bila wasiwasi. “Cool” limedumu tangu enzi za wanamuziki wa jazi, na pacha wake wa Kiswahili, poa, limetoka kwenye picha ileile ya kitu kisicho cha moto. “OK” nalo lilizaliwa kama mzaha. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti moja la Boston lilichapisha herufi hizo kama kifupi cha “oll korrect”, yaani “all correct” iliyoandikwa vibaya makusudi, kwani waandishi wa wakati huo walikuwa na wazimu wa vifupi vya namna hiyo. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, aliyepewa jina la utani Old Kinderhook kutokana na kijiji chake, wakaidaka kwa kampeni. Van Buren alishindwa uchaguzi, neno likabaki hadi leo.

Kilatini: kimekaa jikoni kwako siku zote

Watu hukiogopa Kilatini wakidhani ni cha mapadri na mawakili. Wakati huohuo wamekaa mezani. Meza tumeipata kwa Wareno, “mesa”, nao walirithi “mensa” ya Kilatini. Mvinyo hivyohivyo, na padri mwenyewe, na Kwaresima anayoitangaza. Tanganyika ilipotawaliwa na Wajerumani tulipata shule. Zanzibar kwa njia ya Kiingereza ikapata skuli. Mbara na Mzanzibari wanaweza kutaniana hadi kesho, maneno yote mawili yanarudi kwenye “schola”.

Ila linalonifurahisha kuliko yote ni basi. Ufaransa miaka ya 1820 lilianza gari la farasi lililoitwa “omnibus”, Kilatini cha “kwa wote”, na mwaka 1829 George Shillibeer akalileta London. Waingereza wakalikata kichwa wakabaki na “bus”. Ile “omni” iliyokatwa ndiyo iliyobeba maana ya “wote”. “Bus” ni kiishio tu, kama vile mtu achukue “wanafunzini” abakize “ni”. Sisi tukaongeza irabu. Kila asubuhi stendi ya Mbezi watu wanagombania mkia wa neno la Kilatini.

Sasa kwa nini nasema anza na hiki? Kwa sababu kinalipa haraka. Zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kiingereza yametoka Kilatini, ama moja kwa moja ama kwa kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Na maneno hayo yana mizizi inayojirudia. Jua kwamba “port” ni kubeba: import ni kubeba kuingia ndani, export kutoka nje, transport kuvusha, portable kinachobebeka. Jua kwamba “spect” ni kutazama: inspect, spectator, suspect. Mswahili ana bahati hapa, maana kichwa chake kimezoea mzizi mmoja kuzaa watoto: soma, somo, msomi, masomo, someka. Msimu mmoja unakupa neno moja. Mzizi mmoja unakupa kumi, na yote ni ya kiofisi, yale yanayokutoa jasho kwenye mtihani na kwenye mkataba.

Mzizi usiufuate kipofu, lakini. “Nice” imetoka kwenye “nescius”, asiyejua kitu. Kwa karne kadhaa Kiingereza kiliitumia kwa maana ya mjinga, baadaye ikawa mtu mwenye kuchagua sana, mwisho ikawa nzuri. Mtu akikuambia una “nice house” usimwitie historia.

Halafu kuna vile vifupi. Hapa ndipo barua ya kijana ilipoharibika, na hapa ndipo naona makosa kila wiki. “I.e.” ni “id est”, na Kiswahili chake kamili ni yaani. “E.g.” ni “exempli gratia”, kwa mfano. “Etc.” ni “et cetera”, na kadhalika. Angalia tena: wao walikopa Kilatini, sisi yaani na kadhalika tumezitoa kwenye Kiarabu, kazi ni ileile. Kwa hiyo jaribio ni rahisi. Kabla ya kuandika “i.e.”, soma sentensi ukiweka yaani. “Tunapika vyakula vya kienyeji, yaani ugali.” Hapo hotelini kuna ugali tu. “Tunapika vyakula vya kienyeji, kwa mfano ugali.” Hapo mgeni ana matumaini ya ndizi na makande. Na “and etc.” usiandike kamwe, kwa kuwa “et” tayari ni “na”, umeandika “na na kadhalika”.

Mengine unayajua hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji. “Per diem” ni “kwa siku”, na sijaona semina iliyoanza kwa amani bila Kilatini hicho. “Agenda” ni mambo ya kutendwa. “NB” kwenye kadi ya harusi, ile ya “NB: watoto hawaruhusiwi”, ni “nota bene”, zingatia vema. “Affidavit” ni kitenzi kizima, “ameapa”, ndiyo maana hati ya kiapo ni tafsiri nzuri. “Alibi” ni “mahali pengine”. Na wewe uliyehitimu chuo peke yako si “an alumni”. Hao ni wengi. Mwanamume ni “alumnus”, mwanamke “alumna”, na kama unaogopa kukosea andika “graduate” ulale.

Kilatini kina ubaya wake: kinanuka wino. Waingereza wenyewe waligombana juu yake karne ya 16. John Cheke, msomi wa Cambridge, alitaka Kiingereza kibaki safi, na katika kutafsiri Injili ya Mathayo akaandika “hundreder” badala ya “centurion”, na “mooned” badala ya “lunatic”. Hayakushika. Anayefuatilia mabishano yetu ya kishikwambi na tableti anaijua vita hiyo.

Siku hizi upepo umegeuka kidogo. Mwaka 1999 kanuni mpya za mashauri ya madai England na Wales ziliondoa Kilatini kingi: “ex parte” ikawa “without notice”, “in camera” ikawa “in private”. Mwaka 2016 tovuti ya serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana taratibu na “e.g.”, “i.e.” na “etc.”, kwa kuwa programu zinazowasomea wasioona zilikuwa zikivitamka vibaya na wasomaji wengi hawavielewi. Kwa hiyo ushauri wangu wa Kilatini ni wa kujua, zaidi ya kuandika. Mtu anayejaza barua “inter alia” na “vis-à-vis”, ambayo hata Kilatini si, ni Kifaransa, simwonei wivu.

Nahau: zile za shuleni zimechacha

Sisi tuliosoma Kiingereza shule za huku tulikaririshwa nahau kama jedwali la kuzidisha. Insha isiyokuwa na “it was raining cats and dogs” haikupata alama. Nimewahi kumwandikia mteja mmoja wa Uingereza hivyo, siku mvua ilipokata umeme nikachelewesha kazi. Alinijibu kwa upole kwamba hajaisikia tangu bibi yake afariki. Mwandishi Jonathan Swift aliitumia mwaka 1738, na ilikuwa na ndugu zake kabla ya hapo. Mwingereza wa leo, mvua ikimwagika ya kufa mtu, husema tu “it’s pouring”.

Kwa nahau, kuelewa na kutumia ni kazi mbili. Kuelewa kunakulazimu, maana zimejaa kwenye mikutano na magazetini. Kutumia kuna mtego, na mtego mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki ni huu: “adding salt to injury”. Nimeikuta kwenye tahariri, kwenye hotuba, kwenye barua za malalamiko ya kodi ya nyumba. Wenye lugha hawanayo. Wanazo mbili, “add insult to injury” na “rub salt in the wound”, na sisi tumezifunga ndoa.

Ile ya kwanza ina kisa kizuri. Phaedrus, mtunzi wa ngano wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasimulia nzi aliyemng’ata mtu mwenye kipara. Mtu akajipiga kofi la nguvu utosini ili amuue, akamkosa. Nzi akacheka: ulitaka kuulipiza mng’ato mdogo kwa kifo, je, wewe mwenyewe utajifanya nini uliyeongeza fedheha juu ya jeraha? Ndiyo hiyo, fedheha juu ya jeraha. Chumvi haimo. Nadhani chumvi imeingizwa na Kiswahili, maana kwetu kutia chumvi kupo tayari, ila ni kuongeza uongo kwenye hadithi, na kidonda kwetu hutoneshwa. Mtu aliyesikia maneno matatu yanayofanana katika lugha mbili, alipofungua kinywa yakatoka yote.

Njia salama ni kuanza na nahau zenye pacha wa Kiswahili, kwa kuwa hizo kichwa kinazishika zenyewe. “Turn a blind eye” ni kufumbia macho. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1801 kwenye vita vya majini vya Copenhagen: alipopewa ishara ya kurudi nyuma aliweka darubini kwenye jicho bovu akasema haoni ishara yoyote. “Spill the beans”, ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ni kumwaga siri. Sisi tunaonyana tusimwage mtama kwenye kuku wengi. Wao maharage, sisi mtama, midomo ni ileile.

Na hadithi za asili zikizidi utamu, zionee shaka. Utasoma kila mahali kwamba “posh”, neno la mambo ya kitajiri, ni kifupi cha “port out, starboard home”, yaani upande wa kushoto wa meli wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, vyumba vya kivulini kwa matajiri waliopanda meli ya India. Hakuna tiketi yenye herufi hizo iliyowahi kuonekana. Hiyo, kwa lugha ya Dar, ni chai.

Basi wewe chagua hivi

Unaomba kazi, unasoma chuo, unasaini mikataba: mizizi ya Kilatini, nusu saa kwa siku, na vile vifupi vitatu usivichanganye tena. Muuguzi anayekwenda kufanya kazi nje namweka hapohapo, maana majina ya magonjwa na dawa yamejaa Kilatini na Kigiriki.

Unaongoza watalii Arusha au Zanzibar: nahau, tena kwa sikio. Mgeni akisema “we’re on the same page” usimtafutie kitabu, anasema mnaelewana. Kuzitumia utaanza taratibu, zile ulizozisikia kwa wageni zaidi ya mara moja, na zile za kwenye daftari la kidato cha pili uziache daftarini.

Misimu iwe mwisho, isipokuwa kama maisha yako yako mitandaoni au umehamia Chicago. Na hata huko, subiri wakuzoee wakutupie wao kwanza. Mgeni anayeingia mtaa kwa misimu ya mtaa huo hufanana na mtu anayemwita baba wa rafiki yake kwa jina la utani.

Barua ya kijana tuliirekebisha jioni ileile. Meneja alikufa, “died”, ikatosha. Lugha zikahesabiwa: “I speak three languages: Swahili, Chagga and English”, bila kifupi chochote. “Lit” tuliibishania kidogo, akanung’unika kwamba barua sasa imepoa mno. Nikamwambia aiweke akiba, awatumie rafiki zake siku ya mshahara wa kwanza.

Usiku akanitumia ujumbe: “Poa mwalimu, nimeshaituma. NB: ile hela yako Ijumaa.”